Kuna faida gani kuirudia riwaya ya huzuni ili kutafuta ulichokihisi zamani?

Mkaazi wa Kuze ameuliza:

Ndugu wasomaji, hamjambo. Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, na kwa kuwa humu mna watu waliosoma kunishinda, nimeona nilieleze kwa urefu kidogo kabla ya kuuliza.

Mwaka 1996, nilipokuwa nimemaliza kidato cha nne na ninangojea matokeo, nilinunua kwa muuza vitabu vikuukuu wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nakala ya Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Sikumjua mwandishi wala hakuna aliyeniambia kwamba ni kitabu kizito. Nilikichukua kwa ajili ya jina lake na kwa kuwa bei ilikuwa ndogo. Nilikwenda nacho ufukweni, penye mibuyu ya barabara ya Mama Ngina, nikaketi juu ya mzizi mmoja nikiwa naziona meli zikipita mbele yangu kuingia Kilindini, nikakisoma kwa alasiri mbili. Ulikuwa msimu wa kaskazi. Wanaokijua kitabu wanajua kinakokwenda: Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kwao kijijini na kukuta kwamba elimu imemtenga na watu wake bila ya kumpa mahali pengine pa kusimama, na mwishowe anajitoa uhai. Alasiri ya pili nilipokifunga, nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia Makadara nikiwa kama mtu aliyeambiwa siri. Adhana ya magharibi niliisikia kana kwamba sijapata kuisikia kabla ya siku ile. Wazee waliokaa barazani niliwatazama mmoja mmoja, nikaona kwamba kila mmoja wao atakufa, na kwamba wote wanalijua hilo na bado wanamiminiana kahawa. Niliogopa sana, lakini ndani ya hofu ile mlikuwa na furaha ambayo hadi leo sijui niiite nini, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amesema waziwazi, kwa Kiswahili, jambo nililokuwa nikilishuku peke yangu usiku.

Hofu ile na furaha ile ndivyo nilivyovifuata mwezi uliopita. Nilichukua likizo ya siku mbili kazini, nikaitoa nakala ileile ambayo gamba lake sasa limeshikwa na utepe, nikaenda kulekule. Sehemu ile ilitengenezwa upya mwaka 2019, ikasakafiwa na kuwekwa viti, lakini mibuyu ipo, na bahari haina ukarabati. Nilinunua muhogo wa kuchoma kama nilivyonunua siku ile. Nilisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na sikuhisi chochote. Niliona ufundi wa mwandishi, niliona mahali anapoharakisha na mahali anaporefusha, kama fundi seremala anavyokagua kiti cha fundi mwenzake. Hofu haikuja.

Lililonivunja moyo zaidi ni jambo dogo. Katika ukurasa mmoja wa katikati nilikuta pambizoni nimeandika kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa ujanani, «Kweli kabisa!», na mstari umepigwa chini ya sentensi mbili. Nilizisoma sentensi zile mara nyingi, na sikuweza kujua ni ukweli gani yule kijana aliuona pale.

Basi naomba kuuliza. Je, ni kazi bure kurudia jambo lililokwisha kutupitia, hata kama jambo lenyewe ni kitabu ambacho hakijabadilika hata herufi moja? Na kama ni kazi bure, kwa nini ni vitabu vya kukatisha tamaa ndivyo vinavyonivuta kurudi, wala si vile vilivyonichekesha?

Baharia Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu wa Kuze, nimesoma maneno yako mara mbili, na nitasema machache kwa nia njema. Mimi nimekaa melini miaka mingi, na ninajua mtu akianza kusoma mambo ya kifo peke yake ufukweni, wenziwe humwita akae nao. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hofu ya ujana imeondoka, nawe umebaki na afya yako na watu wako. Hiyo kwangu ni neema na wala si hasara. Tafuta kitabu chenye faraja, na ikiwa kuna zito jingine nyuma ya swali hili, usilifiche. Lete habari, tupo.

Binti wa Kibokoni amejibu:

Kaka wa Kuze, mimi si mtaalamu wa fasihi, ila jambo lako nimelipitia kwa njia nyingine, na ninadhani nimejua mahali linapokwama.

Marehemu baba yangu alifanya kazi Muscat nilipokuwa mdogo. Barua za kuandika hakuzipenda. Alikuwa akirekodi kanda za kaseti na kuzituma kwa mkono wa watu waliokuwa wakirudi Mombasa, na sisi tulikuwa tukikusanyika chumbani kwa bibi kumsikiliza. Wenzangu wa rika langu katika Mji wa Kale watakumbuka. Nyumba nyingi zilikuwa na ndugu aliyezungumza kutoka ndani ya redio kaseti. Baba alifariki mwaka 2003, na katika kanda zote imebaki moja, ya mwaka 1988, upande mmoja tu wenye kusikika. Nilijiwekea desturi ya kuisikiliza kila usiku wa kuamkia Idi.

Mwaka wa kwanza nililia mpaka mama akaja kunizimia redio. Mwaka wa pili nililia pia. Kufikia mwaka wa tano hivi nilikuwa nimeijua kanda neno kwa neno, namna alivyokohoa kabla ya kumtaja bibi, namna alivyosema «na wewe, mwanangu» na kunyamaza kidogo, na kwa kuwa niliyajua yote kabla hayajafika, baba alikuwa hasemi tena. Ilikuwa kama wimbo wa taarabu uliopigwa harusini hadi mtu anauimba huku akipakua pilau. Nilijilaumu sana. Nilidhani moyo wangu umekauka, au simanzi yangu ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Nikazidi kuisikiliza kwa nguvu, mara mbili, mara tatu kwa usiku mmoja, hadi mashine ikautafuna utepe, nami nikakaa sakafuni na penseli nikiuzungusha urudi ndani ya kaseti, huku mikono inatetemeka.

Miaka kadhaa baadaye mwanangu, anayesoma chuoni, aliniletea mchezo mfupi wa kuigiza wa Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland, uliochezwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1958. Mna mtu mmoja tu jukwaani, mzee wa miaka 69 aitwaye Krapp, ambaye ana desturi ya kurekodi sauti yake kila siku ya kuzaliwa kwake. Usiku ule anaisikiliza kanda aliyoirekodi akiwa na miaka 39, na katika kanda hiyo mna habari ya mwanamke na mashua ziwani. Anairudisha nyuma, anaisikiliza tena, anajaribu kurekodi kanda mpya na hana la kusema, kisha anairudia ileile ya mashua. Pazia linafungwa na kanda inazunguka kimya. Sijapata kusoma jambo lenye giza kama hilo, na hakuna kitabu cha faraja kilichopata kunisaidia kama lilivyonisaidia. Ndugu Baharia, nakuomba radhi, lakini sikubaliani nawe katika hilo. Watu waliokuwa wakinifariji waliniambia kwamba baba yumo moyoni mwangu daima. Beckett hakuniambia hivyo. Alinionyesha mzee aliyefanya nilichokuwa nikikifanya mimi, na akaniacha nitazame.

Nilichokiona ni hiki. Nilikuwa nimeacha zamani kumsikiliza baba. Nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe, yaani ninaitafuta ile mara ya kwanza niliyolia, ili nipate kulia vilevile. Na mara ya kwanza haikurekodiwa popote. Kwenye kanda mna mtu mzima anayewasalimu watu wa nyumbani kwake na kuuliza kama paa limeshazibwa. Machozi yangu hayamo mle, yalikuwa chumbani pamoja nami na yakaisha usiku uleule. Nadhani na wewe, kaka, hofu yako haikuwa ndani ya Kichwamaji. Ilikuwa njiani Makadara.

Mkaazi wa Kuze amejibu:

Ndugu Baharia, ahsante kwa kuniangalia. Niko salama, nina mke na watoto na kazi, na sina zito jingine zaidi ya hili nililolieleza. Lakini nimefurahi kwamba umeuliza.

Dada wa Kibokoni, sijui niseme nini. Nimekaa na maneno yako tangu jana. Ninakubali kwamba hofu ilikuwa njiani, ila bado linanisumbua jambo moja: zipo alasiri nyingi nilizopita njia ile bila ya kitabu mkononi, na hofu haikuwapo. Kitabu kilifanya kitu. Kwa nini hakikifanyi tena?

Mwalimu wa Tudor amejibu:

Wanangu, nimefundisha fasihi katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nimekuwa nikizisoma tena riwaya zilezile mbele ya vijana wapya, kwa hiyo kuhusu kurudia nina haki ya kusema neno.

Kwanza nianze na methali ya Ndugu Baharia. Yaliyopita si ndwele: ni methali njema kwa watu waliogombana na sasa wanataka kupatana, na huko ndiko mahali pake. Kezilahabi haandiki juu ya ugomvi unaoweza kusuluhishwa. Kazimoto hawezi kuyaganga yajayo kwa sababu kila anachokitazama mbele amekwisha kukiona kimeharibika nyuma. Kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Msomaji wa miaka kumi na tisa anayekutana na mawazo haya hupigwa nayo kwa sababu hana ngao. Mwenye miaka arubaini na sita ana ngao, na hakuivaa kwa kupenda; ameivalishwa na mazishi aliyoyahudhuria, na karo alizozilipa, na usiku aliokesha hospitalini. Mwanangu wa Kuze, kitabu kilikuja kukuambia habari ya kifo, na kwa wakati ule ilikuwa habari mpya. Habari haiwezi kuwa mpya mara mbili kwa mtu mmoja. Hapo hakuna kosa la kitabu wala lako.

Pili, kuhusu kwenda mahali palepale na kununua muhogo uleule. Yupo mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, aliyeandika kitabu kizima juu ya jaribio kama hilo mwaka 1843. Alikitoa kwa jina la kubuni, na msimulizi wake ni mtu aliyewahi kufurahi sana Berlin, ambaye anaamua kurudi ili apime kama kurudia kunawezekana. Anafikia katika nyumba ileile, lakini mwenye nyumba ameoa na vyumba vimepungua. Anakwenda ukumbi uleule wa michezo na hapati nafasi ya kukaa peke yake kama zamani, na kichekesho kilichomchekesha hakimchekeshi tena. Baada ya siku chache anakata tamaa na kurudi kwao, akisema kwamba kitu pekee kilichojirudia ni kule kushindwa kwake kurudia. Kierkegaard mwenyewe alikuwa amekwenda Berlin mara mbili, mwaka 1841 baada ya kuvunja uchumba wake na Regine Olsen, na tena mwaka 1843, kwa hiyo hakuwa akitunga mzaha. Ninapenda kukitaja kitabu hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ujanja wetu unapotuangusha: tunadhani tukivipanga vitu vya nje kama vilivyokuwa, cha ndani kitafuata chenyewe kama kuku anavyofuata mtama.

Lakini sipendi tuende Denmark na Ireland kutafuta kilichopo kisiwani Pate. Swali la kijana huyu, kwa nini ni maandishi ya huzuni yanayotuvuta kurudi, lilijibiwa pwani hii hii na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Inkishafi. Wengi humu wameusoma utenzi ule au wameusikia ukighaniwa. Mshairi anausemesha moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na watumwa na vyombo vya Uchina. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, sasa makinda ya ndege wamelala humo. Kumbi za wageni, sasa ng'ende, yaani nyenje, ndio wanaolia ndani yake. Tazameni anavyofanya. Haingii ndani ya nyumba ile ili aketi mahali alipoketi mwenyewe. Hafuti vumbi katika kidaka na kurudisha sahani. Anasimama mlangoni na kuhesabu vilivyoondoka, kimoja baada ya kingine, kwa jina lake na mahali pake, na hesabu hiyo ni kitu kipya ambacho hakikuwapo wakati taa zilipokuwa zikiwaka.

Hapo ndipo ninapotofautisha. Kurudisha na kuhesabu ni kazi mbili, na vitabu vya furaha kwa kawaida hutualika kwenye ya kwanza. Mtu aliyecheka huenda akitafuta kicheko kilekile, asipokipata huviweka kando bila ya kuhuzunika sana. Kitabu chenye giza hakikuahidi chochote, kwa hiyo tunapokirudia na kukuta hofu haimo, tunabaki na swali, nalo swali hutufanya turudi tena. Kijana, ulikwenda Mama Ngina kurudisha. Ndiyo, hiyo ilikuwa kazi bure, na ninalisema hilo bila ya kulitia asali. Lakini ulipoikuta penseli yako pambizoni na kushindwa kuielewa, ulikuwa umeanza kuhesabu, na ukadhani ndipo uliposhindwa.

Mwanafunzi, Kisauni amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni nyote mlionizidi umri. Nina miaka 22 na nimekisoma Kichwamaji mwaka huu. Naomba niseme ukweli kwamba mimi sikupigwa na hofu hiyo mnayoizungumzia. Nilikasirika. Wanawake wote katika kitabu kile tunawaona kwa macho ya Kazimoto pekee, kwa kuwa ndiye anayesimulia, na kila mmoja wao anabeba sehemu ya taabu yake bila ya kuulizwa. Nilipomaliza nilikuwa nataka kugombana na mtu, na nilikuwa ndani ya matatu ya Bamburi. Ninalileta hili kwa sababu Mwalimu amesema kitabu kinamletea kijana habari ya kifo. Mimi habari ya kifo niliipata mapema, nyumbani, kabla ya kuanza darasa la tano, kwa hiyo huenda nilikuja na ngao yangu tayari. Basi je, kuna mara ya kwanza iliyo moja kwa wote?

Mwalimu wa Tudor amejibu:

Marahaba, mwanangu. Hapana, haipo, na umenisahihisha. Nilisema umri nilipopaswa kusema msiba. Na hasira yako iandike pambizoni kwa maneno kamili, usiandike «Kweli kabisa» peke yake, ili ukija kuisoma siku moja ujue ulikuwa unamaanisha nini.

Binti wa Kibokoni amejibu:

Maneno ya Mwalimu juu ya kuhesabu yamenikumbusha jambo ambalo sikulisema. Baada ya utepe kutafunwa, nilimpa kijana mmoja wa Mwembe Tayari akaitengeneza na kuniwekea kwenye simu. Safari hii sikuisikiliza. Nilikaa na daftari na kuandika kila neno, nikisimamisha baada ya kila sentensi, kama karani wa mahakama. Ilinichukua usiku tatu kwa dakika ishirini na saba. Na pale baba anapouliza kuhusu paa, nyuma yake, mbali, kuna sauti ya mtu mwingine anayemwambia kwa Kiswahili afanye haraka, wenziwe wanaingoja mashine. Miaka kumi na tano nimeisikiliza kanda ile na sikuwahi kumsikia mtu huyo. Palikuwa na foleni. Walikuwapo wanaume wengine chumbani, wakingojea zamu zao kusema na nyumba zao, na baba alikuwa akizungumza upesi kwa ajili yao. Mimi maisha yangu yote nilidhani alizungumza upesi kwa kuwa hakuwa na mengi ya kutuambia.

Sikulia. Nilimpigia simu dada yangu, nikamsomea.

Mkaazi wa Kuze amejibu:

Nilikuwa sijapanga kuandika tena, lakini nimeona ni haki nilete habari.

Juzi nilikuwa na safari ya kikazi Likoni, nikakitia kitabu ndani ya mfuko bila ya nia yoyote. Foleni ya feri ilikuwa ndefu, watu wamebanana, jua la utosi. Nilikifungua popote nikasoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa moja ya sehemu ambazo wazazi wa Kazimoto wamo, nyumbani, naye yumo pamoja nao na hayumo. Ukurasa ule haukuwa na alama hata moja. Kijana wa mwaka 1996 aliupita mbio. Alikuwa upande wa mtoto, na wazee kwake walikuwa ni kiunzi cha hadithi tu. Nami sasa nina mwana wa kiume aliyerudi likizo kutoka chuoni Nairobi, anayejibu salamu zangu kwa upole na kwenda chumbani kwake kufunga mlango.

Sikuhisi hofu ile ya Makadara. Nilihisi kitu kingine, kizito na kidogo, ambacho sitajaribu kukitafutia jina hapa. Nilitafuta penseli mfukoni sikuipata, nikaikunja pembe ya ukurasa. Kisha lango likafunguliwa, watu wakaanza kuteremka kuelekea ferini, na nikalazimika kukifunga kitabu.

Mwalimu, ikiwa bado unayo Inkishafi yenye maelezo ya maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, nitashukuru ukiniazima. Nitakuja mwenyewe Tudor kuichukua.